Nauza mahamri, nami ngano yanidhuru: nile tena ili nipimwe?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mombasa, Mji wa Kale, nyumba moja na mavyaa. Naomba usilichape jina langu, maana mtaa wetu mdogo na wateja wangu ni wasomaji wako.

Tangu usichana tumbo langu halikuwa zuri. Hujaa upepo hata nguo zikanibana, mara nahara, mara nafunga choo. Vidonda vya mdomo haviishi. Uchovu ndio mbaya zaidi: naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kila nikienda zahanati naambiwa taifodi, au ameba, au vidonda vya tumbo, na dawa za hayo yote nimezimeza. Damu yangu iko chini miaka nenda miaka rudi. Vidonge vya kuongeza damu nimetumia hata choo kikawa cheusi, lakini damu haipandi. Mimba mbili zimenitoka baada ya binti yangu.

Mwaka jana dadangu, aliyeolewa Leicester, Uingereza, alipimwa akaambiwa ana ugonjwa wa seliaki, yaani mwili wake hauivumilii ngano. Hospitali ikampa barua kwamba ndugu zake wa damu nao wapimwe, naye akanitumia picha yake kwa simu. Niliisoma nikakaa kitako. Kila kilichoandikwa pale ni mimi.

Sikungoja mtu. Siku ya pili yake niliacha ngano: mkate, chapati, sambusa, tambi, vyote. Nikawa nala wali, muhogo, ndizi, ugali. Shangazi, baada ya wiki chache nilikuwa mtu mwingine. Tumbo lilishuka. Vidonda vya mdomo vikakauka. Nikaweza kupanda ngazi za nyumbani bila kusimama katikati. Si kwamba nimepona kabisa, kuna siku tumbo hurudi vilevile bila ya sababu, lakini si kama zamani.

Basi nikaenda kwa daktari nimsimulie, nikidhani atafurahi. Akaniambia kwa upole kwamba ningemwona kabla ya kuacha. Kipimo cha damu hutafuta ile hasira ya mwili juu ya ngano, na mtu akishaiacha ngano hasira hupoa, kipimo kikasema hana kitu. Anataka nirudi kula ngano kila siku kwa wiki sita, zaidi ya mlo mmoja kwa siku, ndipo nitolewe damu, na huenda baadaye nikaingizwa kamera tumboni. Nilitoka pale nikalia ndani ya tuktuk.

Sasa la pili. Kazi yangu yenyewe ni ngano. Alfajiri napika mahamri na mbaazi, nauza barazani. Jioni ni chapati. Ramadhani ndiyo mavuno yangu: oda za sambusa, kaimati na mahamri hunipa karo ya binti yangu. Biashara hii aliianzisha mavyaa, yeye ndiye aliyenifundisha kukanda, na kusema kweli watu wanaifuata mikono yake kuliko yangu. Mimi mwenyewe sili ninachopika. Huonja kipande tu kila alfajiri nijue iliki na sukari, basi.

Mavyaa halielewi jambo hili. Kwanza alidhani nina mimba. Kisha akasema naiga mambo ya dadangu wa Ulaya. Halafu akaona nimetupiwa jicho. Akaenda kwa maalimu akaniletea kombe, nami nikalinywa nisimvunje moyo. Mwezi uliopita tulialikwa kwa wifi yangu, nikakataa mkate mayai. Mbele ya watu mavyaa akasema: “Mwanamke anayekataa chakula cha nyumba, nyumba yenyewe ataikataa lini?” Nilikula, Shangazi. Nilikula kwa haya, na usiku ule sikulala kwa tumbo.

Mume wangu nikimwambia hunijibu, “Fanya uonavyo.”

Binti yangu ana miaka saba, mwembamba na mdogo kwa wenziwe, naye hapendi kitu kama mahamri. Nafikiria nimwachishe naye kabla hayajamfika yaliyonifika.

Sasa niambie. Nile ngano wiki sita nijiumize ili nipate karatasi? Au niishi hivihivi, maadamu nimekwisha jua kinachonidhuru? Na biashara niifanyeje? Nikiiacha nitakuwa nimemkataa mavyaa mara mbili.

Mla wali, Mombasa

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na lile ulilolipita kwa mstari mmoja. Mimba mbili zimekutoka, nawe umezitaja baina ya vidonge vya damu na barua ya dadako, kama dalili mojawapo ya tumbo. Hukuniambia kama yupo aliyekaa nawe ukazililia. Sikulazimishi ulizungumze. Ila nimeisoma barua yako yote nikiwa na hilo akilini, maana nahisi ndilo linalokufanya uwe na haraka ya kujua, na papo hapo ndilo linalokufanya uogope kurudi nyuma hata kwa wiki sita.

Nimekuelewa hivi. Umeonja afya kwa mara ya kwanza tangu usichana, na anayetaka kukusaidia anakwambia uirudishe rehani. Mikono inayokulipia karo ya mtoto iko ndani ya unga unaoshuku kwamba wakudhuru. Na unga huo si unga tu, ni urithi uliopewa na mama wa mumeo, kwa hivyo kila ukisema “sili” yeye husikia “sikutaki”. Mambo matatu haya umeyafunga fundo moja. Mimi naona kila moja lina mlango wake, japo yanagusana.

Kwanza gonjwa lenyewe. Mimi si daktari, na yule uliyemwona ndiye mwenye kauli juu ya mwili wako, lakini yapo mambo umeyashika nusu.

Seliaki si tumbo kuwa jepesi, wala si mzio kama ule wa kamba au karanga unaomvimbisha mtu midomo papo hapo. Ngano, shayiri na rai, nafaka ya Ulaya, zina protini iitwayo gluteni. Ukutani mwa utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo mno, vimesimama kama manyoya ya zulia, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye seliaki, gluteni ikifika hapo kinga ya mwili huupiga vita utumbo wenyewe, vinyweleo vikalala, mwishowe ukuta ukabaki laini. Chakula kinapita bila kuchukuliwa. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo huo, papo hapo panapoungua, na ndiyo maana mtu aweza kumeza vidonge vya damu mwaka mzima asipande. Foliki asidi na kalisiamu nazo hupotea, mifupa ikadhoofika. Kwa wanawake ambao hawajajulikana, kuchelewa kushika mimba na mimba kutoka vimeonekana mara nyingi zaidi. Sikwambii ndicho kilichokutoa mimba zako. Hakuna ajuaye hilo kutokana na barua. Nakwambia tu kwamba daktari wako anapaswa kuisikia habari hiyo, kama hukumwambia. Dawa ya kumeza hakuna hadi leo. Tiba ni kuacha gluteni maisha, na utumbo hupona, kwa wengine ndani ya miezi, kwa wengine baada ya mwaka na zaidi.

Mavyaa akisema ni ugonjwa wa Ulaya, usimlaumu sana, hata madaktari walidhani hivyo kwa muda mrefu. Duniani kote hukisiwa kumpata karibu mtu 1 katika kila 100. Lakini kiwango kikubwa kuliko vyote kilichopata kuandikwa kilikuwa Afrika, kwa watoto wa Wasahrawi wa Sahara Magharibi: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100. Kaskazini mwa India, kwenye walaji wa ngano, nako upo tele. Hapa pwani yetu, ambako mtu akishika tumbo tu huandikiwa taifodi, ni nani aliyekaa akautafuta?

Kuna kisa ninachotaka ukijue, kwa sababu kinafanana na chako. Daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 njaa iliipiga Uholanzi, mkate ukakosekana, watu wakala walichopata. Watoto wake wa seliaki, ambao wangetarajiwa kufa wa kwanza, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakazidiwa. Lakini Dicke hakuishia hapo. Aliwapa watoto nafaka moja baada ya nyingine, akipima na kuandika, na tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo iliyowafanya madaktari waamini. Nafuu ilimwonyesha pa kutazama. Ushahidi aliupata alipoirudisha ngano.

Basi nakuuliza: nafuu yako inathibitisha nini? Umeandika “nimekwisha jua kinachonidhuru”. Huenda ni kweli. Una dada mwenye ugonjwa huo, na ndugu wa damu wa mgonjwa wana uwezekano wa karibu 1 katika 10, huo si mdogo. Dalili zako nazo zinaelekea huko. Lakini ngano ina pia aina ya sukari ambayo kwa matumbo ya watu wengi huchacha na kujaza upepo, na watu hao wakiiacha hupata nafuu kama yako bila kuwa na seliaki hata kidogo. Na ulipoacha sambusa na mahamri uliacha na mafuta mengi. Damu iliyo chini ina sababu nyingine vilevile: safura, hedhi nzito, magonjwa ya damu ya kurithi. Ukijipa jina la seliaki mwenyewe, kila anayekutibu baada ya leo atasimama kwenye jina hilo, na kama kuna kingine kimejificha nyuma yake kitaendelea kujificha.

Sasa nikuonyeshe jambo uliloliandika bila kulitazama. Unasema umeacha ngano, kisha unasema kila alfajiri huonja kipande cha hamri. Mwanangu, kwa mwenye seliaki kipande hicho si “basi”. Kiwango ambacho wengi wao hukivumilia ni kama miligramu 10 za gluteni kwa siku, na slesi moja tu ya mkate ina kama gramu 2, yaani mara 200 ya hiyo. Tonge ya hamri inavuka mpaka huo mbali sana. Ongeza vumbi la unga linaloruka ukichekecha, likakaa puani na kooni kisha ukalimeza. Ongeza mafuta uliyokaangia mahamri, kama ndiyo unayokaangia viazi vyako. Huenda zile siku ambazo tumbo “hurudi bila ya sababu” zina sababu.

Hilo lina maana mbili, na zote ni za kumpelekea daktari. Ya kwanza, kama ni seliaki, utumbo wako huenda haujapata nafasi ya kupona, hata kama wewe wajihisi mzima. Ya pili huenda ikakufariji: hujawahi kuacha ngano kikamilifu, na ile hasira kwenye damu hupoa polepole, kwa miezi, haizimiki siku moja. Mweleze habari ya kuonja, umuulize kama kuna faida kutoa damu sasa hivi, kabla ya hizo wiki sita. Ikionyesha, umeokoka safari ndefu. Isipoonyesha, haitakuwa imekusafisha, na mtarudi kwenye shauri lake. Muulize pia kama watapima kiasi cha jumla cha kingamwili aina ya IgA, ambayo kipimo cha kawaida huitegemea, maana wapo wachache ambao miili yao haiitengenezi, na kwao kipimo cha kawaida husema uongo.

Lipo na jingine ambalo huenda hukuambiwa. Kuna kipimo cha jeni, ziitwazo DQ2 na DQ8, ambacho hakitaki ule ngano kabisa. Asiye na hata moja kati ya hizo karibu haiwezekani awe na seliaki, na mlango huo ukafungwa. Ubaya wake ni kwamba ukiwa nayo hakikwambii kitu cha haja, kwa sababu watu wengi wanayo na hawaugui maisha yao. Tena huenda damu ikapelekwa mbali na bei ikauma. Uliza kwanza.

Ukichagua wiki sita zenyewe, usiende nazo peke yako. Uliza unaruhusiwa kusimama wapi ukizidiwa, maana wapo madaktari wanaokubali muda mfupi zaidi kwa asiyeweza, wakijua kwamba jibu laweza kuwa hafifu. Na hapa ndipo ninapoirudia ile habari ya mimba: kama wewe na mumeo mnatafuta mtoto, huo si wakati wa kuja kushtukia mimba imeingia. Lizungumzeni na daktari kabla, wote wawili.

Na ukichagua kutopimwa? Wapo wanaoishi hivyo, nami sitakuita mjinga. Faida yake unaijua, umeionja. Hasara yake ni kwamba seliaki haina “kidogo tu”, na nimeona ni vigumu kwa mtu kukataa sahani maisha yake yote, harusini, hitimani, kwenye futari, kwa sababu ya kitu anachokishuku. Kwa wifi yako ulikula kwa haya. Jiulize: ungekuwa na jibu mkononi, ungekula? Labda ungekula tu, haya ni haya. Wewe ndiye unayeujua moyo wako. Lakini hiyo unayoiita karatasi mimi sioni kama ni ya daktari. Naona ungeitumia wewe zaidi.

Tuje kwenye biashara. Umeniandikia kana kwamba ni kuiacha au kuendelea, na mimi naona pana nafasi katikati. Kama ni seliaki kweli, kukanda unga jikoni kila alfajiri kutakuwa shida, hilo silifichi. Hata ukiziba pua na mdomo, unga hubaki hewani na huganda kwenye ubao, mwiko wa mbao na chekecheke. Lakini mbaazi zako hazina ngano. Vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina ni mchele. Bajia za kunde, viazi karai kwa unga wa dengu, muhogo wa nazi: hivi si vyakula vya wagonjwa, ni vya kwetu, na vyaweza kuuzwa baraza hiyohiyo. Hatari ninazoziona ni mbili. Mteja aliyezoea hamri alfajiri huenda asikutake na kitumbua, na Ramadhani si wakati wa kujaribu bahati. Na jiko moja likipika vyote viwili, chako kitachafuka bila kujua, hasa mafuta. Unga wa wimbi au mtama nao mwulize mwenye kinu anasaga nini kingine humo. Uji wa mchanganyiko na mvuje wa dukani mara nyingi huwa na ngano ndani.

Wewe mwenyewe umesema watu wanaifuata mikono ya mavyaa. Je, umewahi kumwomba arudi awe mwonjaji? Sijui umri wake wala afya yake, labda hawezi kuamka alfajiri. Lakini tofautisha kumwambia “mimi siwezi tena kazi yako” na kumwambia “Mama, sukari na iliki ni wewe wa kuzijua, mimi mdomo wangu haufai kwa kazi hii”. La kwanza linamnyang’anya kitu, la pili linamrudishia. Kukanda mnaweza kumtafutia msichana wa kulipwa, wewe ukabaki na mbaazi, oda na pesa. Itapunguza faida. Piga hesabu kabla ya kuamua.

Na kuhusu yeye mavyaa, alichokisema kwa wifi yako kilikuwa kibaya, na kukisema mbele ya watu kulikizidisha. Sikuombi ukisahau. Lakini tazama alivyofanya kabla ya hapo. Alikuwa wa kwanza kuona umebadilika. Alidhani ni mimba, na katika nyumba iliyopotewa na mimba mbili, wazo hilo alilibeba kwa tamaa ambayo huenda hakuthubutu kuitamka. Kisha akatoka akaenda kwa maalimu kwa ajili yako. (Kombe halina neno, zafarani na marashi si ngano.) Huyu ananionekania mtu aliyeogopa akakosa pa kuushika woga wake. Naweza kuwa nimekosea. Wewe unaishi naye, mimi nimemsoma kwa mistari michache. Kama utaona inafaa, mweleze nje ya wakati wa chakula, sahani haipo mbele yenu, au mchukue mwende naye kwa daktari asikie kwa masikio yake. Kuna wazee ambao mkwe hawamwamini lakini koti jeupe hulisikiza. Ila fahamu, ukisema ni ugonjwa wa damu ya ukoo wenu, neno hilo laweza kutoka barazani likafika mbali, kwako na kwa binti yako atakapokuwa mkubwa. Una haki ya kuchagua nani ajue kiasi gani.

Mumeo katika barua nzima amesema maneno mawili. “Fanya uonavyo” huenda ni idhini, huenda ni mtu kuondoka mlangoni. Hukuniambia wewe huisikia vipi. Ningependa umwombe kitu kimoja mahususi, afuatane nawe kwa daktari, kisha utazame atajibu nini. Na siku mama yake aliposema maneno yale, je, yeye alikuwapo?

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu kwake peke yake nitasema moja kwa moja. Usimwachishe ngano sasa. Naujua uchungu wa kumpa mtoto kitu unachokishuku, lakini ukimwachisha kabla ya kupimwa utamtia kwenye mtego uleule uliokunasa wewe, naye hana umri wa kuamua kuhusu wiki sita. Wembamba na udogo wake huenda ni umbo lake tu, au minyoo, au kitu kingine, na huenda pia ni hichi. Mpeleke akiwa bado anakula mahamri yake, umweleze daktari habari ya mama mkubwa wake wa Leicester, watoe damu kidogo. Kadi yake ya kliniki ya utotoni, ile yenye mstari wa uzito, ichukue pia, itamwonyesha daktari mengi.

Ukipata majibu, yake au yako, niandikie.

Shangazi